WANAWAKE WA SAYANSI NA POSHO YA NYUMBA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Kisii)



Tumeombwa tuseme juu ya wanawake wanaofundisha sayansi na uinjinia katika vyuo vikuu. Labda mwenzetu wa kiwanda cha chai Kebirigo atauliza, "Hayo yanatuhusu nini?" Yanatuhusu, maana ni habari ya mshahara.

Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na mwalimu wa elimu ya viungo vya wanyama, Wangari Maathai. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari, na anahesabiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na Kati kuipata. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara yake. Lakini wanawake wenye waume hawakupewa posho ya nyumba sawa na wanaume. Sababu? Eti mume ndiye mwenye nyumba. Sikilizeni hapo! Mwanamume hakuulizwa kama mkewe ana nyumba. Darasa ni lile lile, kisu cha kupasulia ni kile kile, malipo mbali mbali.

Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walishika njia tunayoijua sisi. Walitaka jumuiya ya walimu igeuzwe iwe chama cha wafanya kazi, kipate kujadiliana na mwajiri. Mahakama ilikataa. Hata hivyo madai yao mengi yalitimizwa baadaye, na chama cha walimu wa vyuo vikuu, UASU, kiliandikishwa mwaka 2003.

Sasa Sheria ya Kazi ya 2007 yataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Tena tunacho chuo kikuu nyumbani: Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kwa kufundisha walimu wa primary, kikapewa hati mwaka 2013. Binti aliyesoma Sironga au Nyabururu aweza kufundisha fizikia bila kuhama kwao.

Lakini cheo hakipandi kwa kufundisha tu. Kinataka udaktari, utafiti na maandishi yaliyochapwa, na miaka ya kuyafanya hayo ndiyo miaka ya kuzaa. Likizo humtoa mama darasani, maabara haimngoji. Mwenzake mwanamume huendelea kuandika, na siku ya usaili huhesabiwa karatasi, wala si usiku wa kukesha na mtoto. Na mwalimu wa kibarua, alipwaye kwa saa, hali yake ni mbaya zaidi: asipofundisha, hapati kitu.

Basi tunataka mambo mawili yaandikwe katika mapatano. Muda wa uzazi usihesabiwe katika kupima utafiti wa mtu. Na chumba cha kunyonyeshea, ambacho Sheria ya Afya ya 2017 imemwagiza kila mwajiri, kiwe karibu na maabara na karakana, si karibu na ofisi za wakubwa tu. Wa viwanda vya chai nao, kutoka Nyamira mpaka Kisii, waulize chao kiko wapi.