Kuku Mwenye Mdomo Uliopinda Naye Amekopeshwa

(Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Ujiji)

   

 Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa na sanduku moja, kufuli tatu na maneno mengi ya watu kwamba akina mama hawawezi kukaa na pesa mwezi mzima bila kugombana. Kugombana tumegombana, nisiwafiche. Lakini sanduku bado lipo na funguo bado ziko kwa watu watatu.

Katibu amekwisha soma hesabu za hisa, mikopo na mfuko wa jamii, mimi sitazirudia. Nimeombwa nizungumze juu ya mradi wetu wa kuku. Nami nimechagua kuzungumza juu ya kuku ambao watu huwatupa: wenye midomo iliyopinda, miguu iliyolemaa na macho yasiyoona. Nimewachagua kwa sababu nina deni nao, na deni lenyewe ni langu mimi mwenyekiti wenu.

Mwaka 2021 tulinunua vifaranga chotara 120 kwa mkopo wa kikundi. Tulikuwa wanachama 24, kila mmoja apate watano. Vilifika vikiwa na siku chache tu, vimechoka na safari, na boksi lenyewe chini lilikuwa linateleza. Hatukukagua kabla ya kulipa. Siku ya kugawa kila mtu alichagua aliowapenda. Mwenzetu mmoja hakuwapo. Alikuwa Kibirizi akigeuza dagaa wa watu mchangani maana wingu lilikuwa limefunga. Huyu ni mjane, na hisa zake zilikuwa chache kuliko za wote. Alipofika jioni mimi nilimkabidhi wale watano waliobaki. Wawili midomo ilikuwa imepinda, mmoja miguu imetanuka kama mtu aliyeteleza kwenye tope, mmoja vidole vimekunjika ndani, na wa tano alikuwa mdogo hata ukimpulizia anaanguka. Mkopo nikamwandikia sawasawa na wa wenzake.

Jamani, nilijua. Nilijisemea moyoni kwamba aliyechelewa hana haki ya kuchagua. Mama yule aliwatazama, akawafunika na kanga, akaniambia, "Mwenyekiti, hawa nao nimekopeshwa, siyo nimepewa." Akaondoka. Hakulalamika kwenye kikao hata siku moja.

Sasa niwaeleze alichofanya, maana ndicho tulichojifunza wote.

Yule wa miguu iliyotanuka alimtoa kwenye sakafu laini akamweka juu ya gunia, apate pa kukanyagia. Akachana kitambaa chembamba cha kanga kuukuu, akafunga miguu yote miwili ikae kwa upana wa kifaranga anayesimama vizuri, bila kukaza. Kila siku alifungua kutazama ngozi, kisha akafunga tena. Siku ya nne kifaranga akasimama. Kazi hii ni ya siku za mwanzo, mifupa ikiwa bado laini. Ukingoja wiki tatu umechelewa.

Wa vidole vilivyokunjika, bwana mifugo alituambia mara nyingi ni upungufu wa vitamini B2. Mama akampa mchicha uliokatwa vidogo, dagaa waliotwangwa na vipande vya maini alivyookota buchani. Vidole vikanyooka. Hili nalo linataka kuwahi.

Wale wa midomo ndio kazi. Mdomo wa kuku unaota kama kucha zetu. Wa kuku mzima unasagika wenyewe kwa kudonoa chini, lakini ukishapinda, sehemu ya juu na ya chini hazikutani, basi kila mmoja unakwenda njia yake na kuku anavyokua ndivyo unavyozidi. Wengine huzaliwa hivyo kwa damu ya wazazi, wengine ni kwa joto baya wakati wa kuangua, au lishe mbovu ya mama, au kuumia. Kuku huyu hana ugonjwa wa kuambukiza wenzake. Anakufa njaa tu, tena anakufa mbele ya chakula, maana anadonoa na hashiki kitu.

Dawa yake ni chombo na muda. Usimmwagie punje chini. Mpe bakuli lenye kina, ulinyanyue kidogo juu ya tofali, chakula kiwe kimeloweshwa kwa maji ya uvuguvugu, kizito kama uji wa mgonjwa: pumba, unga wa mahindi na dagaa waliotwangwa. Atachota kwa mdomo wa chini kama mtu anayekula kwa upawa. Maji nayo yawe na kina. Mfunike na tenga asubuhi na jioni ale peke yake, maana wenzake wanamaliza yeye bado anatafuta. Kilichobaki kimwage kabla hakijachacha. Jioni papasa gole lake, likiwa limejaa umefaulu. Papasa na kidari kila wiki. Ukikuta mfupa umechongoka kama kisu, chakula hakimfikii.

Kila baada ya wiki mbili tatu msugue ncha ya mdomo kwa tupa ya kucha, kidogo kidogo. Mfunge kwenye kanga jioni akiwa ametulia. Usikate kwa kisu, kwa sababu ndani mna nyama yenye damu na maumivu. Wala usilazimishe kuunyoosha. Pia mtazame chawa na utitiri, maana hawezi kujisafisha manyoya. Mwekee majivu na mchanga mkavu aogee.

Katika wale watano, wawili walikufa: mdogo yule, na mmoja wa midomo aliyekuwa amepinda zaidi. Sitaki mtu atoke hapa akidhani kila kuku anapona. Ukiona umemlisha wiki nzima na bado hali, hakui, anateseka, mchinje upesi. Hiyo nayo ni huruma. Lakini watatu waliishi, na yule tetea wa mdomo uliopinda alitaga kama wengine. Mayai yake ni ya kula na kuuza, siyo ya kuatamiwa. Mimi nilijaribu kwa ubishi, nikaatamisha mayai yake, nikapata vifaranga wawili wa midomo kama mama yao. Nisingependa mrudie kosa hilo.

Juu ya macho, wengi wenu mliuguliwa na ndui ya kuku. Vigaga vinafunga macho, kuku haoni bakuli, anakufa njaa vilevile. Mtenge na wenzake. Yaoshe macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, chumvi yetu hii ya Uvinza inatosha. Mnyweshe na kumlisha kwa mkono mpaka afumbue. Asiyefumbua tena anaweza kuishi, bora usihamishe bakuli lake. Gonga bakuli kwa kidole, atakuja kwa sauti. Na ndui ina chanjo, inachomwa kwenye ubawa. Pengine macho huvimba kwa kukosa vitamini A, na hapo sisi watu wa Kigoma hatuna kisingizio. Mawese mekundu tunayo, matembele tunayo, papai tunalo. Tone la mawese kwenye chakula ni dawa na ni chakula.

Ila shingo ikipinda msifanye mchezo. Mara nyingi ni kideri, na kideri kinamaliza banda zima. Huyo mtenge, mwite mtaalamu wa mifugo, usimpeleke sokoni Mwanga kumuuzia mwenzio balaa. Chanjo yake ni tone moja tu jichoni, kila baada ya miezi mitatu.

Ndugu zangu, mwaka 2024 mnaukumbuka. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti Ziwa Tanganyika lilifungwa, uvuvi ukasimama ili samaki wazaliane. Jambo lilikuwa jema kwa ziwa, lakini mchangani Kibirizi hapakuwa na dagaa wa kugeuza. Wanachama wetu wengi walishindwa hisa za wiki. Hata chakula cha kuku kilikosa dagaa, tukawa tunachimbua mchwa. Mjane yule alileta hisa zake wiki zote, hakukosa hata moja. Nilimwuliza anatoa wapi. Akasema ni mayai. Wale watatu walikuwa wamemzalia banda, na tetea wa mdomo uliopinda bado alikuwa analishwa kwenye bakuli lake. Mkopo wa vifaranga vitano, pamoja na wawili waliokufa, alikuwa amekwisha ulipa zamani.

Hapo ndipo nilipoona aibu kamili. Nikalisimamisha jambo hili kikaoni, nikaomba radhi mbele ya wote. Akajibu kwa kifupi tu, "Yamekwisha, tuandike kanuni." Na tukaiandika. Kwanza, vifaranga vinakaguliwa mdomo, macho, kitovu na miguu kabla ya kulipa. Pili, vinagawiwa kwa kura, na asiyekuwapo anachukuliwa kura na mweka hazina. Tatu, mwenye kupata kilema haandikiwi bei ya kizima. Tofauti inabebwa na mfuko wa jamii. Nne, hisa chache haziondoi haki ya mtu.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Leo hii wewe unashika ufunguo, kesho wewe ndiye unayechelewa kwa sababu ya mvua. Kikundi kinapimwa kwa namna kinavyomgawia yule ambaye hayupo.

Nawashukuru bwana mifugo wetu, viongozi wa mtaa, na waume zetu walioacha kutuuliza tunatoka wapi kila Alhamisi. Vijana mnaotaka kujiunga, karibuni, lakini njooni na bakuli lenye kina.

 Akina mama oyee! Kikundi oyee!