Kazi Isiyopewa Saa Haifanyiki



Leo nazungumzia kuahirisha kazi ambayo mtu ameikusudia mwenyewe, na mfano wangu ni tasnifu. Wapo wanafunzi wa uzamili waliofaulu kozi zote, pendekezo la utafiti likapitishwa, data zikakusanywa, kisha uandishi ukakwama. Ni hodari, na mada waliichagua wenyewe. Hoja yangu ni kwamba wengi wao hawajakosa nia. Wamekosa utaratibu wa kuwafikisha mezani siku ambayo moyo umesinyaa.

Tunapomwona mwanafunzi wa namna hii tunasema ni mvivu. Lakini siku hiyohiyo aliyoshindwa kuandika amesahihisha mitihani, amekwenda msibani, amefua nguo za watoto na kujibu kila ujumbe wa WhatsApp. Mvivu hafanyi hayo. Mwaka 2013 wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza kwamba anayeahirisha hutafuta kutuliza hisia mbaya za sasa, na gharama humwangukia yeye mwenyewe baadaye. Sura ya pili ya tasnifu inamtia mwanafunzi hofu: msimamizi atasemaje? Je, data zikionekana hazitoshi? Akifunga kompyuta, hofu hupungua papo hapo. Nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe, maana inamfundisha kukimbia tena kesho. Nasi tukimgombeza tunamwongezea hofu ileile anayoikimbia.

Chanzo kingine ni makadirio mabaya. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wanafunzi 37 nchini Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao za shahada ya kwanza. Kwa wastani walikadiria kumaliza kwa siku 34. Ikawachukua takriban 56. Walipoulizwa ingewachukua muda gani endapo kila kitu kingekwenda mrama, walitaja siku 49 hivi, na hata hizo hazikutosha. Mtu anayeamini kazi ni fupi haoni sababu ya kuanza leo.

Dawa yake ni nini? Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuonyesha tofauti kati ya kukusudia jambo na kulipangia wakati na mahali. Jaribio moja la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2002 na Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran, lilihusu mazoezi ya mwili. Katika kundi ambalo halikupewa msaada wowote, asilimia 38 walifanya mazoezi. Waliosomeshwa faida zake kwa afya ya moyo walikuwa asilimia 35. Waliosomeshwa vivyo hivyo, kisha wakaandika siku, saa na mahali watakapofanyia, walifika asilimia 91. Nasaha peke yake haikusaidia kitu. Nasaha iliyotiwa katika ratiba ilizaa matendo.

Kwa hiyo mwanafunzi asiseme, “Mwezi huu nitaandika.” Aseme, “Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, maktaba, naandika aya mbili za mbinu za utafiti.” Aya mbili zinaandikika hata mtu akiwa na hofu, sura nzima haiandikiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini ratiba ya siri huvunjwa kwa siri. Mwaka 2002 pia, Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walionyesha kuwa wanafunzi waliowekewa tarehe za mwisho zilizogawanywa sawasawa katika muhula walipata alama bora kuliko walioachiwa kujipangia. Kwa hiyo, wasimamizi wenzangu, “Niletee ukiwa tayari” si ukarimu. Tumpe mwanafunzi tarehe ya kila kipande, na kipande kikija tukisome kwa wakati. Rasimu inayolala mezani kwetu miezi mitatu ni kuahirisha kwetu sisi.

Sisemi kwamba kila kukwama ni kuahirisha. Ada isiyolipwa, maradhi na ulezi ni mizigo ya kweli, na chuo kinapaswa kuibeba pamoja na mwanafunzi. Lakini mwaka usio na shughuli tunaoungoja hauji. Mwandishi Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea kuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka 1962 aliacha vitabu zaidi ya 20. Fasihi yetu ya Kiswahili imesimama kwa sehemu kubwa juu ya kazi ya mtu aliyekuwa na ajira kama nyinyi.

Ninawaomba wanafunzi mambo matatu kabla ya kulala leo. Chagueni kipande kidogo kabisa cha kazi yenu. Kipeni siku, saa na mahali. Kisha mwambieni mtu mmoja ambaye atawauliza. Na uongozi wa chuo nauomba uweke kalenda ya rasimu katika kila idara, imfunge mwanafunzi na msimamizi kwa pamoja. Linalowezekana leo lisingoje kesho.