Alama sita kutoka Kalembe

Tangu Juni 2024, Ujerumani inatoa Chancenkarte, kibali cha hadi mwaka mmoja cha kwenda kutafuta kazi. Kwanza diploma itambuliwe na nchi iliyoitoa. Kisha zinahesabiwa alama, na mwombaji anahitaji sita.

Tumchukue muuguzi wa Kalembe, mpakani mwa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo. Hajafikisha miaka 35: alama 2. Katika miaka mitano iliyopita amefanya kazi kwa miaka miwili: 2. Wauguzi ni haba Ujerumani: 1. Kijerumani cha ngazi ya A2 kinaleta ya sita. Kifaransa, alichosomea tangu utotoni, hakimpi hata moja.

Kwa alama, basi, anafaa kabisa.

Kinachomkwamisha ni fedha na vita. Lazima athibitishe zaidi ya euro 1,000 za kujikimu kila mwezi, ilhali benki za Goma zilifunga milango Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji. Kalembe yenyewe ilipiganiwa Oktoba 2024. Ubalozi wa Ujerumani nao uko mbali, Kinshasa.

Kenya ilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira na Ujerumani Septemba 2024. Serikali ya Kongo nayo itafute mkataba kama huo, na iwakumbuke waliokimbia vita. Nawe mwenye diploma, weka nakala yake kwa ndugu aliye mbali na mapigano.