Buleteni ni ya mtoto: maneno yetu siku ya proklamasyo

Maneno tuliyosema mbele ya wanafunzi, wazazi na walimu wa shule moja ya kartye yetu, Goma, siku ya kufunga mwaka wa masomo.

Mulizoea kutuona barabarani na mabango. Leo tulikuja bila bango, na poda kidogo mu mufuko.

Kwanza, pongezi. Tulisikia majina yakisomwa, na kwa mingi tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Wale waliopata nafasi ya kwanza, mulitumika sana, mufurahi. Lakini tunataka pia kupongeza wale waliopata 52 kwa mia, juu tunajua kile kiko nyuma ya ile 52. Kuko mtoto hapa ambaye kila asubui, mbele ya kuvaa iniforme, alipashwa kwanza kwenda kutafuta maji na bidoni ya litre 20. Kuko mwenye alirudilia masomo na taa ya telefone ya jirani, juu umeme ulikuwa umekatika. Kuko mwenye alifika katikati ya mwaka kutoka Rutshuru ao Masisi, vita imewafukuza kwao, akaingia darasani bila daftari hata moja, kati ya watoto ambao hakujua jina la yeyote. Kwa mtoto kama huyo, 52 ni mlima aliopanda kwa miguu.

Ndugu zetu, hayo majina yaliyosomwa hayakufika hapa peke yao. Nyuma ya kila jina kuko mama anayeuza sambaza sokoni, papa anayesukuma tshukudu tangu asubui, bibi aliyechunga wadogo ili mkubwa asome. Kuko pia mwalimu. Tunawajua walimu wa hapa wanaoitwa NP, maana yake wale ambao Leta hailipe. Wanaingia darasani kila siku saa moja na nusu, wanasahihisha mazoezi usiku, na mwisho wa mwezi wanaona wenzao wakipokea mshahara. Walimu wetu, bila nyinyi hakungekuwa proklamasyo leo. Musimame kidogo, tuwapigie makofi.

Angalieni pia hiki kipango cha shule. Ni mawe ya volkano. Mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya mji, ikachoma manyumba, maduka na mashule. Watu wa Goma walirudi, wakavunja hayo mawe na nyundo, wakajenga nayo. Hiki kipango wazazi na wanafunzi njo walikijenga, salongo kwa salongo, siku za posho. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mlima ulipasuka tena, tukakimbia, wengine Sake, wengine Minova, wengine ngambo ya Gisenyi. Tukarudi tena, na kengele ikalia tena. Hiyo njo tunaita shule: si kuta tu na tablo, ni watu wanaokubali kurudi.

Sasa mutuvumilie tuseme neno moja linalotukaa kooni.

Mwaka uliopita, mu shule ingine ya mji huu ambayo hatutaitaja, msichana mmoja wa kartye yetu aliitwa jina lake siku kama ya leo. Alikuwa wa pili mu darasa lake. Watu wakapiga makofi, akaenda mbele, akanyoosha mikono. Hakupewa buleteni. Alipewa kikaratasi chenye kuandikwa deni la feza ya masomo. Tulimuona akirudi kukaa, amekikunja kile kikaratasi ndani ya kiganja ili wenzake wasisome.

Ile jioni ba mama wa avenyu yetu waliita likirimba ya haraka. Kila mmoja akatoa kidogo. Mwenye tshukudu akatoa ya siku nzima. Siku ya kwanza buleteni ikatoka, na mtoto akapakwa poda kama wengine. Tulicheza sana. Lakini tukiwa tunarudi nyumbani tulijiuliza: na wale ambao majirani wao hawakuwa na kitu? Bila buleteni hauwezi kuandikishwa mu shule ingine. Mtoto anabaki nyumbani mwezi wa tisa, kisha mwaka, kisha hatumuone tena na begi mgongoni. Na mara mingi ni msichana njo anabaki wa kwanza.

Hatukuja kumushitaki prefe yeyote. Tunajua prefe naye ana walimu wanaomungojea mlangoni. Tunataka tuseme kosa linaanzia wapi. Katiba ya mwaka 2006, mu artikle ya 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni bure mu shule za Leta. Ile sheria ilianza kufuatwa kwa kweli mwezi wa tisa 2019. Ilikuwa jambo nzuri, na watoto wengi wakarudi darasani. Lakini madarasa yakajaa, walimu wengi wakabaki bila mshahara, na sekondari ikaendelea kubebwa na mufuko wa mzazi. Kwa hiyo deni la Leta linashuka kwa shule, la shule linashuka kwa mzazi, na la mzazi linashuka kwa mtoto, ambaye hana mtu mwingine wa kumushushia. Huyo njo tunamunyanganya karatasi aliyoitokea jasho.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

La kwanza: buleteni ni ya mtoto. Deni lizungumzwe kati ya shule na mzazi, kwa maandishi, na muda wa kulipa. Karatasi ya mtoto isiwe rehani.

La pili: bei za masomo zilizo mu arete ya gavana zibandikwe kwenye ukuta wa shule, mahali kila mama anaweza kuzisoma ao kusomewa. Komite ya wazazi ielezee mbele ya wote feza iliingia ngapi na ilifanya nini.

La tatu ni la Leta: walimu wote wanaofundisha wawekwe kwenye listi ya malipo. Hili hatutachoka kulisema.

Wadogo wetu, tunajua swali lenu, juu mulituuliza njiani: "Ba yaya, nyinyi mulisoma mpaka universite, na muko munakaa tu. Kusoma kunasaidia nini?" Hatutawadanganya. Kati yetu kuko wenye diploma ya universite wanaouza unite za telefone kando ya barabara. Sisi pia tulipakwa poda, tukafikiri kazi inatungojea. Haikutungojea. Lakini kama kazi hakuna, kosa haliko mu daftari yenu. Na tuwaambie kitu kimoja tulichokiona: mama mmoja aliombwa feza kupita bei ya arete. Tulikaa naye chini, tukasoma ile arete neno kwa neno, akarudi shuleni nayo mkononi. Alilipa bei ya kweli, hakuna aliyemufukuza. Kusoma hakujatupatia mshahara, lakini kulitutoa woga. Hayo si kidogo mu nchi hii.

Sisi pia tunapashwa kufanya yetu. Mu hii vakanse, kila siku ya pili na ya ine asubui, tutakuwa hapa kurudilia masomo na watoto, bila kulipa franka hata moja, zaidi wale waliofika juu ya vita. Na mbele masomo hayajaanza mwezi wa tisa, tutafanya salongo ya choo na ya uwanja. Mwenye chepeo alete chepeo.

Prefe wetu, tunajua hata hapa kuko buleteni zilizobaki ofisini leo. Tunakuomba kwa heshima, mbele ya wazazi hawa: zitoe. Komite ya wazazi ibaki, tuandike madeni pamoja, nasi tutakaa nanyi kuyafuata mpaka yaishe.

Poda tuliyoleta haitoshe wote. Kwa hiyo tuanzie na wale ambao mikono yao ingali mitupu.