MTOTO MJEURI AU MTOTO MWENYE SHIDA? TUZITAMBUE DALILI

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama wa ushirika na wanakisomo. Yamebandikwa hapa ili na wale wasiofika wasome, na asiyejua kusoma asomewe.)



Leo hatuzungumzi habari za bei ya tangawizi. Tunazungumza habari za watoto, maana tangawizi ikioza tutapanda nyingine, lakini mtoto akiharibika hapandwi tena.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Hapa kijijini tulikuwa na mtoto wa miaka 9. Akiitwa haitiki, akitumwa haendi, akigombezwa anarusha jiwe. Sisi viongozi tulimtaja mkutanoni kuwa ni mjeuri, na kila mtu mzima akaruhusiwa kumchapa. Siku moja akadandia gari la mzigo, akashuka nalo mpaka Same. Mama yake alimpata siku ya pili, amelala stendi. Alipompeleka hospitali ilionekana masikio yanatoa usaha siku nyingi. Moja halisikii kabisa, la pili linasikia kidogo. Basi jamani, miaka yote ile tulikuwa tunamchapa mtoto kwa kutosikia!

Tangu siku hiyo tuliona haya, tukaanza kuuliza kwa wanaojua. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kila mtoto hukataa. Wa miaka 2 au 3 hulia na kujigaragaza chini, na kijana anayebalehe hubisha. Huo ni ukuaji. Lakini wataalamu wanasema ipo hali ya ukaidi uliopita kiasi, nayo ina dalili 8:

1. Hupandwa na hasira upesi, mara kwa mara.
2. Huudhika kwa jambo dogo.
3. Hukaa na kinyongo.
4. Hubishana na wakubwa kila wakati.
5. Hukataa makusudi amri na taratibu.
6. Huchokoza watu makusudi.
7. Husingizia wengine makosa yake.
8. Hulipiza kisasi.

Dalili moja isikutie hofu. Tuwe na wasiwasi zikionekana 4 au zaidi, kwa muda wa miezi 6 au zaidi, na si kwa ndugu zake wa tumbo moja tu. Kwa mtoto wa miaka 5 na kuendelea, tuangalie kama zinatokea angalau kila wiki. Kwa mdogo wa hapo, karibu kila siku. Kisasi peke yake, hata mara 2 katika miezi hiyo 6 kinahesabiwa. Tena tuangalie kama hali hiyo inamharibia masomo, urafiki na maisha ya nyumbani.

Hapa ndipo kisomo kinapotufaa. Chukua daftari, andika siku, jambo lililotokea, na kilichotangulia. Je, alikuwa na njaa? Alikuwa ametoka kuchapwa? Baba alikuwa amerudi amelewa? Baada ya wiki nne daftari litakuambia mambo ambayo hasira yako haikukuonyesha.

Halafu, kabla ya kusema "mjeuri", tupime mengine. Simama nyuma ya mtoto hatua chache, umwite kwa sauti ya kawaida. Haitiki? Mpeleke akapimwe masikio. Haoni ubaoni? Apimwe macho. Wapo wanaoshindwa kusoma, nao huona afadhali kuitwa mkorofi kuliko kuitwa mjinga. Wapo wenye kifafa. Wapo waliofiwa, na wapo wanaofanyiwa ubaya na mtu mzima wakaogopa kusema. Msikimbilie kusema ati amelogwa au ana laana ya ukoo.

Wazee mtatuambia: zamani Upare hatukuwa na watoto kama hawa, vijana walifundwa mshitu. Kweli, wazee wetu. Lakini zamani mtoto alilelewa na ukoo mzima. Siku hizi baba yuko mjini, mama shambani, mtoto amebaki na bibi aliyechoka. Tusimlaumu mtoto kwa mambo tuliyoyaacha sisi.

Sasa tufanye nini? Tunaijua ndiva. Maji yakijaa hatuyapigi fimbo, wala hatuyazibi mpaka ukingo upasuke. Tunayafungulia kwa zamu, mfereji kwa mfereji. Na mtoto ni hivyo hivyo:

Amri ziwe chache, na baba na mama waseme neno moja. Ukimtuma, mpe kazi moja, mtazame usoni. Akifanya vizuri msifu papo hapo, hata kama ni kuleta kuni tu. Akiwa na hasira usibishane naye, ngoja itulie. Adhabu iwe ndogo na iwe ya hakika, kama kukosa mchezo jioni ile. Na kila siku kaa naye japo kidogo bila kumgombeza.

Fimbo haiponyi hali hii, huizidisha. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto, na inasema adhabu isiyolingana na umri wake na hali yake haina uhalali. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema mkunje, hawakusema mvunje.

Mambo yakizidi, usikae nayo nyumbani kwa aibu. Anza na mwalimu wake na zahanati, kisha Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya kule Same. Ukiona mtoto anateswa, piga simu 116. Hailipiwi.

Yule mtoto wetu leo anakaa benchi la mbele darasani, na anatibiwa masikio. Hasira bado anayo, maana tuliipanda wenyewe kwa miaka mingi na haing'oki kwa siku moja. Lakini juzi alituamkia njiani: "Shikamooni." Tuliitikia kwa sauti kubwa, tukiwa tumemwelekea uso, ili asikie.

Ndugu zangu, tulimtaja vibaya mbele ya mkutano. Leo mbele ya mkutano tunasema: tulikosa.



Katibu wa Tawi