Mkoba Huanza na Mbuzi Aliye Hai



Akina mama wa Muleba wameniuliza: "Wenzetu wanafuma mifuko ya sufu. Sisi tuna kondoo, kwa nini tusifume?" Swali ni zuri, na leo nalijibu.

Mfuko ule hufumwa kwa uzi wa sufu ukiwa mkubwa na legelege. Kisha husuguliwa kwa maji ya moto na sabuni. Unywele wa sufu una magamba madogo sana; ukisuguliwa hukamatana na mwenzake, na mfuko husinyaa ukawa mzito na imara. Kule Nanyuki, Kenya, akina mama husokota sufu kwa sababu nyanda zile wanafugwa kondoo wa sufu. Kondoo wetu wengi wa Kagera wana nywele fupi kama za mbuzi. Jaribu mwenyewe: sugua konzi ya nywele hizo kwa maji ya moto na sabuni. Zisipokamatana, hapo hakuna mfuko. Hata uzi mwingi wa dukani ni wa plastiki, nao haukamatani. Usiununue kwa kazi hiyo.

Lakini mkoba tunao. Mbuzi wako ameuvaa.

Nilipeleka ngozi yangu ya kwanza kwa fundi nikijivuna. Akaiinua mbele ya dirisha, mwanga ukapita mahali saba. Matundu manne yalikuwa ya kisu changu, matatu ya miiba na kupe. Nilitaka mkoba, nikapata kipochi cha kuwekea sarafu. Tangu siku ile nasema: mkoba huanza mnyama akiwa hai.

Kwa hiyo, ogesha mifugo yako kwenye josho na utibu upele mapema. Usifunge zizi kwa seng'enge. Ng'ombe akipigwa chapa ubavuni, ngozi nzuri kuliko zote imeharibika; muulize afisa mifugo sehemu inayofaa.

Siku ya kuchinja, mning'inize mnyama, usimburuze chini. Pasua kwa kisu chenye ncha mstari mmoja katikati ya tumbo, kisha weka kisu pembeni. Tenganisha ngozi na nyama kwa ngumi. Ngumi haitoboi.

Onyo: mnyama aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani, mdomoni au nyuma, usimchune wala usimle. Huenda ni kimeta, nacho huua watu. Mwite afisa mifugo, uwazuie watoto na mbwa wasimkaribie.

Ngozi ikitoka, ioshe, ondoa mabaki ya nyama na mafuta, uipake chumvi upande wa nyama ndani ya saa chache. Ngozi mbichi ya kilo 2 hutaka chumvi kama kilo 1. Wafugaji wa sehemu kavu wanaweza kuiwamba kwenye fremu kivulini. Jua kali huiunguza ikakatika kama ganda la mgomba. Lakini ninyi wa Bukoba, penye mvua ya ziwa karibu mwaka mzima, msitegemee upepo, tegemeeni chumvi.

Anayetaka kusindika mwenyewe aanze na ngozi moja. Loweka usiku kucha kutoa chumvi. Ihamishie kwenye maji ya chokaa siku kadhaa, hadi nywele zing'oke kwa kuvutwa. Vaa glavu, chokaa huchoma mikono na macho. Kwangua nywele na nyama, suuza mara nyingi hadi chokaa iishe. Kisha loweka kwenye maji ya magome ya mwati yaliyopondwa. Maji hayo hukaza ulimi kama ndizi mbichi; ukali huo ndio unaoizuia ngozi isioze. Anza na maji mepesi, ongeza magome kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukianza na makali, ngozi hukaza nje na kubaki mbichi ndani. Kata kipande kidogo ukingoni: ikiwa katikati bado kuna mstari mweupe, subiri. Ikiiva, isuuze, ipake mafuta, uivute na kuikunja inapokauka ili ilainike. Maji machafu yasimwagwe karibu na kisima wala ziwani.

Kushona ni kazi nyepesi: kata vipande viwili vya mwili, utepe mrefu wa pembeni na mkanda. Toboa kwa shazia, pitisha uzi mnene uliopakwa nta.

Wazee wa nchi hii walivaa ngozi na nguo za magome ya miti kabla ya vitambaa vya dukani. Ujuzi si mgeni kwetu. Leo sherehe ikiisha, nyama huliwa na ngozi huachiwa mbwa. Wiki ileile tunakwenda mjini kununua mkoba wa plastiki.

Mbuzi ajaye wa nyumbani kwako, inua ngozi yake mbele ya mwanga kabla ya kuitupa. Hesabu matundu. Yakiwa saba kama yangu, umejua pa kuanzia. Yasipokuwepo, mwite mama watoto, mshike shazia.