Mwaka Mpya, Malengo Yanayotimizika

(Mazungumzo ya yaya mmoja na vijana wenzake wanaolea watoto majumbani)

 

Nianze na aibu yangu. Mwaka juzi niliandika malengo kumi, nikayabandika ukutani. Moja lilisema: "Sitamfokea mtoto tena." Tarehe nne Januari watoto wote watatu wakalia kwa mpigo, uji ukaungua, nikafoka. Nikajiona sifai, nikaibandua karatasi. Malengo mengine tisa yakaenda nayo, pamoja na lile la kunawa mikono! Mwezi Machi yule mdogo akaharisha mpaka akawekewa dripu. Siwezi kuapa kwamba ni mikono yangu. Wala siwezi kuapa kwamba siyo.

Jamani, kosa halikuwa kuweka malengo. Kosa ni kwamba niliahidi kuwa malaika. Lengo zuri liko ndani ya uwezo wako, na jioni unaweza kujiuliza: nimefanya au sijafanya?

Safari hii ninayo matatu tu.

La kwanza, nitanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kila ninapotoka chooni, nikimaliza kumsafisha mtoto aliyejisaidia, na kabla ya kupika au kulisha. Nimeweka ndoo ya koki na sabuni karibu na choo. Sabuni ikiwa mbali utasahau tu.

La pili, hasira ikipanda nitamweka mtoto mahali salama, nisogee pembeni kidogo, nivute pumzi, ndipo niseme. Na mtoto mchanga hatikiswi kamwe, maana ubongo wake unaweza kuumia. Sisemi sitakasirika. Nasema nikikasirika nitafanya nini.

La tatu ni langu mwenyewe: kupumzika. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Nimezungumza na mama mwenye nyumba kwa adabu, amenipa Jumapili. Mlezi aliyechoka hufoka upesi.

Ukikosea leo, usibandue karatasi. Kesho anza pale pale. Chururu si ndo ndo ndo.

Haya, nani atatuambia lengo lake? Moja tu linatosha.